Munyu, si Munhu

Nilifika Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, nikiwa nimechelewa msiba. Mama Kulwa, mwenye nyumba wangu wa zamani aliyehamia huko, alikuwa amekwisha kuzikwa, turubai limekwisha kushushwa na viti vya kukodi vimekwisha kurudi kwa mwenyewe. Doto, binti yake, alinipokea mlangoni, akapiga goti na kuniamkia kama alivyofundishwa na marehemu, kisha akaniongoza hadi ua wa nyuma, ambako kazi ilikuwa inaendelea, kwa kuwa yeye si mtu wa kuzima moto kwa sababu ya huzuni. Ua ule unanuka majivu, ndimu na maganda ya machungwa. Juu ya rafu ya mbao zilisimama chupa za siki ya mananasi ya kufutia vioo, makopo ya majivu yaliyochekechwa ya kusugulia masufuria, na miche ya sabuni ya kahawia iliyopangwa kama matofali ya tanuru. Hakuna hata kimoja kilichotoka kiwandani. Wachimbaji wa dhahabu huja kununua hapo kwa sababu, wasemavyo, tope la mashimoni halishindwi na sabuni nyingine. Ndivyo wasemavyo. Mimi niliona shati moja tu, na lilikuwa safi.

Katikati ya ua chungu kikubwa kilikuwa kinachemka, na wanawake wamekizunguka. Doto alichukua bakuli la chumvi, akainama juu ya mvuke, akasema kwa sauti ya kuita: "Inataka munyu!" Na wote wakaitikia kwa pamoja: "Munyu, si munhu!" Kisha wakacheka, chumvi ikatiwa. Kijana mmoja mchimbaji, ambaye baadaye niliambiwa anaitwa Maduhu, alikuwa ameketi kando yangu akisubiri sabuni yake. Aliniinamia kwa heshima, bila kujua mimi ni nani.

"Mzee, umeyasikia hayo maneno? Hiyo ni dawa kabisa. Zamani huko Shinyanga kulikuwa na mwalimu mmoja hatari. Alimshinda mchawi kwa hayo hayo maneno. Bibi kizee akaanguka palepale, kwisha."

"Ulikuwepo?"

"Mimi? Hata mama yangu alikuwa hajazaliwa."

"Basi nani kakuambia?"

"Inajulikana, mzee."

Neno hilo, inajulikana, limenichosha maisha yangu yote. Nimelisikia darasani, mahakamani, misibani na katika vikao vya harusi, na mara zote nilipolifuatilia hadi mwisho wake sikumkuta mtu aliyejua. Nilikuta mtu aliyeambiwa. Mwalimu yule ni mimi. Bibi kizee yule hakuanguka. Alikuwa na jina, na bado ninamdai kila asimuliaye habari zake alitaje: aliitwa Bibi Milembe. Naandika sura hii ili yaliyotokea mwaka ule yasimame kama yalivyotokea.

Mwaka ule sabuni ilipotea nchini. Watu wa rika langu hawahitaji kukumbushwa, na vijana hawataamini, kwa hiyo nitasema kwa ufupi tu kwamba rafu za maduka zilibaki na vumbi, na mche mmoja wa sabuni ukionekana mahali, habari zake zilitangulia kufika kuliko mwenye kuubeba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kupewa darasa la kufundisha katika kijiji kimoja kilichoko kati ya Shinyanga mjini na Mwadui, huku nikisubiri kwenda chuo. Nilipanga chumba kwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwanamke mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya boksi, na dirisha lisilo na kioo lililotazama uzio wa minyaa. Nyuma ya uzio huo aliishi Baba Sita, mkulima wa pamba, mtu mwema na mchapakazi, ambaye hakuna neno lililosemwa upande wetu lisilomfikia. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, au michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na nyuma ya minyaa tulimsikia akikohoa kila mazungumzo yalipokuwa matamu.

"Baba Sita, karibu chakula," Mama Kulwa alikuwa akimwita bila kugeuka.

"Nimeshiba, Mama Kulwa. Napita tu."

"Unapita tangu magharibi?"

Mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa wadogo bado, na ngozi yao ilikuwa imeshikwa na upele, kama ilivyokuwa kwa nusu ya darasa langu. Tulifua kwa maji matupu. Mashati yangu mawili meupe yalikuwa yamechukua rangi ya barabara. Jioni moja Mama Kulwa, akimkwaruza Doto mgongo kwa gunzi la mahindi, aliniuliza swali ambalo mpaka leo naliona kuwa bora kuliko maswali yote ya mtihani niliyopata kujibu.

"Mwalimu, wewe umesoma. Sabuni inatoka wapi?"

"Kiwandani."

"Na kabla ya kiwanda, watu walikuwa wananuka?"

Jibu nilikuwa nalo, limelala katika masomo ya kemia bila kazi: mafuta na magadi makali, vikichemshwa pamoja, huwa sabuni. Mafuta hayakuwa tatizo katika nchi ya ng'ombe; mchinjaji alitupa shahamu ambayo mbwa walikuwa wameanza kuidharau. Magadi nayo tulikuwa tunayatia kwenye mlenda kila siku. Yalikuwa maji ya majivu yaliyochujwa, na hakuna majivu makali kama ya mabua ya pamba, ambayo kila mkulima alilazimika kuyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno. Tulitoboa matundu chini ya debe, tukatandika majani makavu, tukajaza majivu ya shambani kwa Baba Sita, tukamwagia maji kidogo kidogo. Yaliyodondoka chini yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Tuliyachanganya na chokaa iliyobaki baada ya kupaka madarasa, ili yapate ukali zaidi, na Mama Kulwa akaweka yai la kuku ndani yake. Lilipoelea, tukajua yanafaa. Kisha tukawasha moto wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa kuwa kuni za kutosha hazikuwepo, na tukakoroga shahamu na magadi kwa mwiko mrefu, tukilia machozi ya moshi.

Tulipata kitu. Kilitoa povu, kilitoa uchafu, lakini hakikuganda. Tulikimimina kwenye kreti ya mbao, tukakifunika, tukakiacha, na asubuhi kilikuwa kimelegea kama uji uliopoa. Tukachemsha kingine, kikawa vilevile. Majirani walikuja kutazama na kucheka. "Mwalimu kapika uji wa kuogea," alisema mmoja. "Tukila tutakuwa safi mpaka tumboni!" alijibu mwingine. Ukweli ni kwamba sabuni laini ni sabuni pia, na mapacha walioga kwayo, upele ukaanza kukauka. Mimi mwenyewe niliona. Lakini watu wa kwetu waliijua sabuni kwa umbo la mche, kitu cha kushikwa mkononi, cha kukatwa kwa uzi na kugawiwa. Kisichoshikika hawakukihesabu kuwa sabuni, na Mama Kulwa, aliyekuwa ameahidi miche kila nyumba ya majirani, alianza kukwepa kupita kisimani wakati wa watu wengi.

Tulipokuwa tunachemsha chungu cha tatu, aliingia Bibi Milembe. Alikuwa mjane aliyeishi peke yake mwisho wa njia yetu, hana jino hata moja, na macho yake yalikuwa mekundu. Lazima nieleze maana ya macho mekundu kwetu miaka ile, maana msomaji wa mbali anaweza kulipita neno hilo. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha huyageuza macho ya kila mwanamke aliyepika kwa maisha yake yote. Lakini inajulikana, walisema watu, kwamba ni alama ya uchawi. Vikongwe walifukuzwa kwa rangi hiyo, na wengine hawakufika walikokimbilia. Sisemi haya kwa kusikia. Nimesimama kwenye kaburi mojawapo.

Alikuja kuomba kaa la moto, kama majirani wote walivyofanya. Akatusalimu, akainama, akachungulia chunguni, akatikisa kichwa, akasema maneno mawili kwa sauti ya juu, kama wasemavyo wazee wasiosikia vizuri. Mimi nilikuwa debeni nachuja majivu, mgongo umegeuka. Mama Kulwa alikuwa akikohoa moshi. Bibi akaweka kaa lake kwenye kigae, akaenda zake. Chungu kile nacho hakikuganda.

Kesho yake Doto aliamka na homa, na jioni kijiji kizima kilikuwa na habari moja. Bibi Milembe alikuwa amechungulia chungu cha Mama Kulwa na kusema: "Inataka munhu." Kwa Kisukuma munhu ni mtu. Chungu kinataka mtu, na mtu wa kwanza tayari anatetemeka kitandani, pacha mdogo, mtoto ambaye kwa mila zetu hata jina lake haliachwi lipotee ovyo. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza mkutano wa Jumapili baada ya ibada. Hakuna aliyetaja litakaloamuliwa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Niliona wanaume wakikaa vikundi vikundi wakinyamaza nilipokaribia, na nikaona mlango wa Bibi Milembe umefungwa mchana.

Nilimpeleka Doto zahanati kwa baiskeli, akapewa dawa za malaria. Niliporudi nilianza kuuliza, nyumba hadi nyumba, swali lilelile: ulisikia mwenyewe, au uliambiwa? Mama niliyemkuta kisimani aliambiwa na mke wa fundi. Mke wa fundi aliambiwa na mumewe. Fundi aliambiwa na muuza tumbaku, na muuza tumbaku, baada ya kukasirika kidogo, alikiri kwamba aliambiwa na Baba Sita. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama juu ya sikio la mtu mmoja. Nikamfuata.

"Mwalimu, mimi si mwongo," alisema Baba Sita, na kweli hakuwa. "Nilikuwa hapa kwenye minyaa, nafunga ndama. Nimesikia kwa masikio yangu. Inataka munhu."

"Ulimwona akisema?"

"Minyaa inaonyesha mtu?"

Nikaenda kugonga mlango uliofungwa. Bibi Milembe alinifungulia akiwa amefunga mzigo mdogo wa nguo; alikuwa akingoja giza aondoke, bila kujua aende wapi. Nyumba yake ilikuwa na moshi mzito hata nikakosa pumzi. Nilimwomba aniambie alichosema juu ya chungu.

"Nilisema inataka munyu, mwanangu. Mbona mnaniuliza kama askari?"

Nilimtaka arudie. Alirudia, na nikajikuta nainama mbele kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Munyu ni chumvi, neno la zamani ambalo wazee hawakuliacha. Lakini kinywa kisicho na meno kililitoa neno lile likiwa limelowa na kulegea, munyu au munhu, sikuweza kutenganisha, na nilikuwa nimesimama mbele yake, si nyuma ya uzio.

"Munyu wa mboga?"

"Basi munyu gani? Mama yangu alipika sabuni mimi nikiwa sijavaa nguo. Usipotia munyu, unakoroga uji mpaka uzeeke."

Hapo kemia iliyokuwa imelala iliamka yote. Majivu hutoa sabuni laini. Chumvi ikitiwa kwa wingi, sabuni huachana na maji, huelea juu, na ikipoa huwa ngumu. Nilikuwa nimelisoma hilo, nimelijibu kwenye mtihani, na sikuwa nimelikutanisha na chungu. Lakini kujua mimi na yeye hakungetosha. Ningesimama mkutanoni na kusema bibi alimaanisha chumvi, wangesema kanifunga ulimi. Maneno yalikuwa yamemhukumu. Maneno mengine yasingemwokoa. Palitakiwa kitu cha kuonekana.

Chumvi nayo ilikuwa adimu kama sabuni. Nilikwenda mjini kwa Bwana Rajabali, mfanyabiashara mzee ambaye babu yake alifungua duka lile karibu na stesheni. Alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe, na ngozi huhifadhiwa kwa chumvi ya mawe. Nilimweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Chumvi yangu ya ngozi, Mwalimu. Ina mchanga, ina damu. Chakula haifai."

"Si ya chakula."

"Na kama sabuni haigandi?"

"Bibi yule hataiona Jumatatu."

Aliingia stoo mwenyewe, akatoka na gunia dogo. "Ikiganda, niletee mche mmoja. Mke wangu ananitazama vibaya kwa sababu ya mashati."

Jumapili ile mkutano haukufanyika chini ya paa la shule kama ulivyotangazwa. Niliomba ufanyike uani kwa Mama Kulwa, na Mama Kulwa, ambaye mtoto wake ndiye aliyesemwa kuwa ametakiwa na chungu, alisimama mlangoni na kusema kuwa atakayemgusa bibi kabla chungu hakijachemka aanze na yeye. Watu walijaa hadi barabarani. Bibi Milembe aliketishwa kwenye kigoda, mzigo wake wa nguo mapajani.

Nilimwomba mwenyekiti ruhusa ya kuanza na sikio kabla ya chungu. Nikamwita Baba Sita, nikamwomba asimame palepale alipokuwa akifunga ndama, nyuma ya minyaa. Kisha nikamnong'oneza Bibi Milembe, na mwenyekiti akiwa ameinama nasi asikie, neno la kusema, naye akalitamka kwa sauti yake ya juu.

"Baba Sita!" niliita. "Kasema nini?"

"Munhu!"

Mwenyekiti alitikisa kichwa. Lilikuwa munyu. Tukamnong'oneza tena.

"Sasa?"

"Munyu!"

Lilikuwa munhu. Mara ya tatu sauti yake ilitoka kwenye majani ikiwa imepungua sana: "Mwenyekiti, huyu bibi anayasema yote mawili kwa pamoja!" Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa kizuri kukisikia, maana mtu anayecheka amekwisha kulegeza mkono. Lakini mzee mmoja alisema, "Masikio yamekosea, sawa. Chungu je?" Aliuliza haki yake.

Tukawasha moto. Sabuni ilipokuwa nzito nilimkabidhi Bibi Milembe gunia la chumvi, kwa kuwa niliona ni yeye anayestahili kuitia. Alitia kiganja, akakoroga, akatia kingine. Nilisikia chungu kikipumua. Kisha uji ule ulianza kukatika. Ulipasuka vipande vipande kama maziwa yaliyoganda, ukapanda juu, na chini yake maji meusi yakabaki peke yake. Mama Kulwa alipiga kigelegele kabla sijafungua kinywa. Tulichota ile iliyoelea, tukaikandamiza kwenye kreti, na mkutano ukakataa kutawanyika. Watu walikula michembe, watoto wakacheza, hata jua likapinda. Na nilipogeuza kreti, likatoka tofali la rangi ya asali. Mama Kulwa alivuta uzi, akalikata. Mche wa kwanza alimpa mwenyekiti. Aliugonga kwa kidole, ukatoa sauti, naye akaunyanyua juu ili wote wauone.

Baba Sita alitoka nyuma ya uzio. Alipita katikati ya watu wote, akapiga goti mbele ya kigoda, akamwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, shikamoo." Bibi Milembe alimtazama kwa macho yake mekundu, akamwacha pale goti lipate kuchoka kidogo.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Munyu, Baba Sita. Siyo munhu." Uani kote watu wakalirudia, wakicheka na kufuta machozi, na tangu siku hiyo hakuna chungu kilichotiwa chumvi kijijini pale bila maneno hayo kutamkwa. Doto alirudi kucheza kabla ya wiki kwisha. Bwana Rajabali alipata mche wake. Bibi Milembe alifundisha nusu ya wanawake wa kitongoji, aliishi miaka mingi, na alipokufa kwa uzee wake kitandani mwake, Mama Kulwa alimwosha kwa sabuni aliyofundishwa naye kupika. Nilikuwepo pia siku hiyo.

Haya yote nilimsimulia Maduhu pale Nyarugusu, na Doto akiwa amesimama na mwiko mkononi akiongeza pale niliporuka. Kijana alisikiliza vizuri. Nilipomaliza aliniuliza kama kweli mimi ndiye yule mwalimu, na nikaona machoni mwake kwamba kesho mashimoni ataanza kusimulia habari zangu upya, pengine kwa mbwembwe mpya. Nikamwomba aende asimame nje, nyuma ya ukuta wa ua. Kisha nikainuka, nikachukua bakuli la chumvi kwa Doto, nikainama juu ya chungu, na kusema neno moja. Mimi nami sina tena meno ya mbele.

"Umesikia nini?" nilimwita.

"Munyu, mzee!"

"Una hakika?"

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Baba Sita naye alisikia kwa yake," nikamwambia. "Njoo uone chunguni."